Tundu Moja

Kwa desturi yao mkwe haingii chumba alimo mama mkwe, kwa hiyo Nasibu alisimama nje ya dirisha la Bi Mwanakombo, karatasi ya shabaha ikiwa kwapani.

Ndani, mama huyo alikuwa akipima baruti kwa mizani aliyoachiwa na marehemu mumewe, sonara. Chembe ikizidi, aliiondoa kwa unyoya, kisha akaimimina baruti kwenye ganda la risasi. Msimu mzima Nasibu alikuwa akikosa shabaha kwa risasi za dukani, hata timu yake ya kulenga shabaha ikataka kumwacha. Leo alikwenda kulenga na hizi za mama mkwe.

"Zimekwendaje, baba?"

Nasibu aliipitisha karatasi kati ya nondo. Bi Mwanakombo akaikunjua, akaiinua juani. Katikati palikuwa na tundu moja tu, pana kama kifungo cha shati.

"Na nyingine? Nilizikosea?"

"Zote zimepita hapo hapo, mama. Mungu akuweke."

Jua lilipenya kwenye tundu, likaangusha nukta ya manjano mezani, kama chembe ya dhahabu. Bi Mwanakombo akaisogeza karatasi polepole, mpaka nukta ile ikatua kwenye sahani ya mizani.