Komeo la Nje

Mlango usiofunguka kutoka ndani. Ndio mzee Hafidhi alioutaka, na aliutaja kwa upole kama mtu anayeagiza kigoda.

Fundi Athanas aliweka randa chini. Karakana yake pale Mwembesongo ilikuwa imeona wateja wa kila namna, na wengi wao aliwadharau. Mteja, alizoea kusema, hajui anachotaka. Anajua kinachomkera tu. Atakuja anataka kabati zuri, ukimuuliza zuri ni lipi, anacheka. Kazi ya fundi ni kumhoji mpaka hilo neno zuri ligeuke urefu, upana na aina ya mbao. Na swali la kwanza, ambalo kila aliyejifunza kwake alilikariri, lilikuwa moja: nani atakitumia?

Siku ile hakuliuliza. Jibu lilikuwa limesimama mlangoni mwa karakana, limejitanda kanga, limeinamisha kichwa. Alikuwa Sabra, mke wa mzee.

"Mbao ngumu," mzee aliendelea. "Usitikisike hata mtu akiupiga mateke. Na tundu la kupitishia sahani, hapa."

Akagusa kiuno chake mwenyewe. Athanas akapima palepale.

"Komeo?"

Mzee alimshika mkewe mkono, akauinua na kuuweka juu ya ubao uliokuwa umeegemezwa ukutani. "Hapa. Kwa nje."

Kanga ikateleza. Juu ya kiwiko cha Sabra palikuwa na alama za vidole, zimeiva rangi ya zambarau. Alizifunika haraka.

"Nyumba yetu iko ukingoni mwa korongo, fundi," alisema, kama anayeomba radhi. "Baba Zawadi hataki mtu atoke usiku."

Athanas aliwajua wanaume wa ovyo, lakini huyu alikuja hadi na vipimo. Alijutia shikamoo aliyompa. Akamtazama toka juu hadi chini: shati safi, kandambili moja nyekundu, nyingine bluu. Bahili hata kwa miguu yake. Walipoagana mzee alirudi kuuliza tena jina la fundi, na alikuwa ameshaambiwa. Ndivyo walivyo wenye majivuno, Athanas aliwaza. Jina la mtu anayechafuka mikono halikai kichwani mwao.

Charles, mchomeleaji wa banda la jirani, alikuwa amesikia yote.

"Kumbe siku hizi askari magereza," alisema. "Utavaa na sare?"

"Nikimfukuza ataenda kwa mwingine, na huyo atamtengenezea anachotaka."

"Na wewe?"

"Mimi nitamtengenezea anachostahili."

Akautengeneza kwa mninga, kazi nzito, ya kupendeza macho. Kisha akafanya jambo ambalo halikuagizwa. Nyuma ya komeo alitoboa mlango, akapenyeza kijiti kilicholishika komeo lenyewe, na kwa upande wa ndani akakificha chini ya ubao wa mkingamo, ule unaokatiza mlango. Macho yasingekiona. Lakini mkono ukipapasa ungekigusa, na ukikivuta kushoto, komeo lingetoka kimyakimya. Alikijaribu mara nyingi, na kila komeo lilipoteleza alitabasamu peke yake, akiuona mbele yake uso wa yule mzee siku atakapokuta chumba kitupu.

Wapagazi waliupandisha mlango mlimani hadi Towelo, na Athanas akawafuata na kikapu cha vifaa, akitweta. Nyumba ilikuwa kama alivyoambiwa: hatua chache toka ukumbini, shamba la migomba linakatika, na chini yake ni mawe na sauti ya maji. Chumba kilikuwa kimetayarishwa. Godoro, mkeka wa kuswalia, redio ndogo, nondo dirishani. Redio pia, Athanas aliwaza kwa kejeli. Mfungwa ana bahati.

Aliufunga mlango kwenye fremu huku akisubiri nafasi ya kumnong'oneza yule mama habari ya kijiti. Hakuipata. Mzee hakumwacha mkewe hata kidogo. Kila alikokwenda Sabra, jikoni au uani, yeye alikuwa nyuma, ameshika pindo la kanga yake. Alipoketi, alimketisha karibu. Mlinzi gani huyu, Athanas alisema moyoni, akatema mate nje ya dirisha. Akaamua atamwambia njiani, kama mama akimsindikiza.

Kazi ikaisha. Mzee Hafidhi alisogea, akaupiga mlango kwa bega lake lote. Haukutikisika. Akausifu, akamshika fundi mkono kwa mikono yake miwili. Athanas aliuchomoa wake na kuufuta kwenye suruali.

"Sasa ndiyo kazi," mzee alisema. "Ahsante, fundi. Nani vile jina lako?"

Athanas akainama kukusanya vifaa vyake.

Mzee akavua zile kandambili zisizofanana, akazipanga vizuri kando ya kizingiti. Akaliachia pindo la kanga. Akaingia chumbani peke yake.

"Funga, Mama Zawadi," alisema. "Nikilia usifungue. Nikikutukana usifungue. Nisipokujua wewe ni nani, ndiyo kabisa, usifungue."

Sabra akalisukuma komeo. Lilikuwa usawa wa mkono wake.

"Leo nitalala, mwanangu," alimwambia Athanas, akifuta macho kwa ile kanga.

Ndani, kiganja kilianza kupapasa mbao, kikishuka polepole upande wa komeo.