Malkia wa Cienfuegos

Eleuterio Cárdenas alikuwa anatafuta namna ya kushindwa mechi aliyoishinda ujanani, na kazi hiyo ilikuwa imemtoa jasho wiki nzima.

"Mle malkia," alimwambia Bárbaro, rafiki yake kinyozi, aliyekaa ng'ambo ya ubao wa sataranji. "Usiogope. Mle!"

"Nimemla mpaka nimevimbiwa. Kila nikimla, mfalme wangu anafungwa. Mzee mwenzangu, ulicheza vizuri, basi! Kubali tukanywe kahawa."

"Sitaki kuambiwa nilicheza vizuri!"

Watu wa klabu waligeuka wakamtazama. Mechi hiyo ndiyo iliyompa jina. Mji mzima wa Cienfuegos ulijua jinsi Eleuterio, kijana wa kiwanda cha sukari, alivyomtoa malkia wake bure kabisa kwenye fainali ya mkoa, mpinzani akamla, halafu farasi na ngome wakamfunga mfalme bila huruma. Picha yake ilitundikwa ukutani. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu, mechi ilirudiwa kwenye ubao mkubwa ukumbini, na malkia alipotolewa, watu wazima na akili zao walishangilia kama vile hawajui kitakachofuata. Kisha Eleuterio alisimama kueleza. Akishaanza kueleza, wenye busara walivuta viti wakakaa.

Mpinzani aliyemla malkia yule alikuwa Nereida Fonseca. Na Nereida huyohuyo ndiye aliyeleta balaa la wiki hii.

Eleuterio alimpenda tangu enzi za fainali. Lakini mshindi alikuwa anapelekwa Havana, miaka miwili ya kufundishwa sataranji kwa gharama ya klabu kubwa ya huko, na aliporudi na hadithi zake tele alimkuta Nereida ameshaolewa na mfamasia. Sasa mfamasia alikuwa ametangulia mbele ya haki zamani, Nereida amestaafu ualimu wa hesabu, na Eleuterio, baada ya kujikaza kiume, alikwenda kwake na kisahani cha jamu ya mapera na jibini, akamwomba waoane.

Nereida alikula kipande kimoja bila haraka.

"Nionyeshe kwanza ningejiokoa vipi," alisema. "Uonyeshe mbele ya watu wote, siku ya kumbukumbu. Siwezi kuishi na mwanamume anayepigiwa makofi kila mwaka kwa kunishinda mimi."

"Lakini Nereida, mabingwa wameitazama mechi ile, hakuna aliyeona..."

"Basi usijisumbue. Mapera ni matamu, ahsante."

Ndiyo maana Eleuterio alikuwa hapo anakonda mbele ya ubao. Kompyuta za kujibu mambo kama hayo zilikuwa bado hazijafika Cienfuegos; alikuwa na Bárbaro tu, na Bárbaro alikuwa amechoka.

"Simli tena," kinyozi alisema. "Nimeshiba. Namrudisha farasi wangu nyumbani akapumzike."

Akamrudisha farasi nyuma, kwa mzaha. Eleuterio alifungua mdomo kumcheka. Akaufunga.

Katika klabu ile hakuna aliyewahi kumwacha malkia wa bure. Kumrudisha farasi nyuma wakati malkia amekaa mbele yako kama chakula mezani? Wangekuita mwoga mpaka kaburini! Lakini farasi yule aliziba kila kitu. Malkia alikuwa hana pa kukimbilia, ngome haikuwa na kazi, na mashambulizi yote matukufu ya Eleuterio yalikuwa yamekufa.

"Bárbaro," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nimeshindwa."

Furaha ilimjaa kifuani. Lakini usiku hakulala. Bila malkia yule, yeye alikuwa nani? Mzee mmoja tu wa kiwanda cha sukari, mwenye maneno mengi. Alfajiri alinyoa ndevu, akavaa shati lake jeupe la guayabera, akasema basi, na liwe liwalo.

Ukumbi ulijaa pomoni. Malkia alipotolewa, makofi yalilipuka. Eleuterio aliinua mkono.

"Msishangilie. Nilikosea. Angefanya hivi, ningekwisha."

Akamrudisha farasi nyuma, akakaa. Hakuongeza neno, na hilo peke yake liliwashtua watu kuliko farasi.

"Haiwezekani!" mwenyekiti alipiga kelele, na watu wakaukimbilia ubao, huyu anasukuma, yule anabisha, mwingine anakaribia kulia. Eleuterio hakuwatazama. Alikuwa anamtazama Nereida, aliyeinuka kutoka kiti cha mbele, akaja taratibu na kumshika mkono.

"Jumamosi ijayo inanifaa," alisema. "Twende zetu."

Nje jua lilikuwa linawaka, na Eleuterio alitembea kama kijana, kofia imeegemea upande.

"Pole, Nereida wangu. Miaka yote hii umebeba lawama! Laiti ungemwona farasi yule siku ile."

"Nilimwona."

"Lini?"

"Siku ileile. Hujaondoa hata kidole juu ya malkia, mimi nimeshamwona."

Eleuterio alisimama. Machozi yalimlengalenga.

"Ukamla malkia makusudi? Ukajitoa ili mimi nishinde? Jamani! Kumbe ulinipenda tangu wakati ule!"

Nereida alimpapasa mkono kwa upole.

"Eleuterio, mpenzi. Kila jioni ulikuwa barazani kwetu, unaongea mpaka baba anazima taa. Mfamasia wa watu hakupata hata nafasi ya kunisalimu. Na mmoja wetu alikuwa lazima aende Havana."