Askari Aliyehamishwa Mraba Mmoja

Mkwe alinyoosha kidole, akamhamisha askari mweusi mraba mmoja, taratibu, ubao usitoe hata mlio. Ng'ambo ya meza baba mkwe wake alikuwa ameelekeza uso dirishani, macho wazi, hayaoni kitu.

"Umelikagua fumbo?" mzee aliuliza.

"Nimelikagua, baba. Limekaa sawasawa."

"Hakuna kosa?"

"Hakuna, baba."

Masikio yalimwaka moto. Kumdanganya kipofu ni aibu. Kumdanganya kipofu ambaye nyumbani kwake ndiko unakokula, aibu hiyo haina jina.

Mzee alikuwa mtunzi wa mafumbo ya sataranji. Kucheza na mtu hakukumvutia sana. Yeye alipanga kete chache ubaoni, akatoa amri: nyeupe ianze, imfunge mfalme mweusi kwa hatua tatu. Njia lazima iwe moja tu. Ikipatikana ya pili, fumbo limeharibika, na watatuzi humcheka aliyelitunga. Mzee hakuwahi kuchekwa.

Alipopofuka, alimwita mkwewe. "Wewe huna kazi, mimi sina macho. Njoo tukae."

Ulikuwa utani, ila ulimchoma. Mkwe alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, mpaka alipopitisha kitabu cha hesabu chenye majibu ya ovyo. Vitabu vilirudishwa kwa malori. Alifukuzwa mbele ya wenzake, akitazama viatu vyake mwenyewe. Tangu hapo hakuyaamini macho yake tena. Hata bili ya umeme alimpa mkewe amsomee.

Kazi ya mzee ilikuwa nyepesi. Mzee alitaja kete na mahali pake, mkwe akazipanga, akalikagua fumbo, kisha akalituma kwa simu kwa mhariri wa gazeti. Mwanzoni alikagua juu juu tu, kutimiza wajibu. Halafu asubuhi moja akaona malkia mweupe angeweza kuzunguka upande wa pili na kummaliza mfalme vilevile. Njia mbili! Alitazama upya. Zilikuwa mbili kweli.

Alisubiri mzee ashtuke mwenyewe. Mzee alipuliza chai yake. "Tamu sana hiyo, sivyo?"

Mkwe hakuwa na moyo wa kusema. Alihamisha kete moja, njia ya pili ikazibika, akalituma.

Fumbo lililofuata nalo lilikuwa na kosa. Na jingine. Makosa yalizidi kujificha, na yeye alizidi kuyafukua. Akili ya mzee inakwisha, alijiambia kwa uchungu. Ajabu ni kwamba mzee huyohuyo aliweza kukariri mafumbo yake ya ujanani, kete kwa kete, bila kukwama. Pengine ya zamani ndiyo hubaki, mapya huvuja.

Kilichomuumbua zaidi mbele ya nafsi yake ni kwamba alianza kufurahia. Alidamka mapema, akanyoa ndevu, akakimbilia ubaoni.

"Siku hizi unaimba bafuni," mkewe alimwambia, akicheka.

Alishtuka kama mtu aliyekamatwa mkono ukiwa mfukoni mwa mwenzake. Baba wa mwanamke huyu anazeeka akili, na yeye anaimba!

Kisha chama cha watatuzi kikapiga simu. Walitaka kumtunukia mzee nishani kwa mafumbo yake ya karibuni. Wengine walisema yanayapita hata yale ya zamani. Siku ya sherehe mzee aliketi sebuleni na suti yake, akingoja kushikwa mkono. Mkwe alimfunga tai. Alijiona akisimama pembeni ukumbini, watu wakipiga makofi, na yeye akimeza uongo wake. Siku ukweli ukitoka, watamcheka mzee wa watu.

Alipiga magoti mbele ya kiti.

"Baba, nisamehe. Nimekuwa nikikudanganya. Mafumbo yako yalikuwa na makosa. Nilikuwa nayarekebisha kimyakimya."

Mzee hakutikisika. "Lile la malkia?"

"Nilimsogeza mfalme mweusi, baba."

"La farasi wawili?"

"Nilimtoa askari mmoja. Hakuwa na kazi ila kufungua njia ya pili."

"Na la juzi?"

"Askari mweusi. Mraba mmoja tu."

Mlangoni mkewe alikuwa amesimama na mkoba begani, amejiziba mdomo. Mkwe aliinamisha kichwa. Sasa aibu imekamilika, alidhani; hata mke amesikia.

Mzee alipapasa hewani mpaka akalipata bega lake.

"Na lile la ngome mbili? Ulifanyaje?"

"Lile sikuligusa, baba. Nakuapia. Lile halikuwa na kosa lolote."

"Lilikuwa nalo," mzee alisema polepole, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi. "Ila kosa hilo nililificha mno, mwanangu, kuliko yale mengine niliyokuwekea. Niliona umeshaiva."