Kidole cha Mama Mkwe

Siku hizi kisanduku cha dawa cha mjamzito hufunguka kwa kidole gumba cha mama mkwe peke yake, maana sheria inasema mtoto wa tumboni ni wa ukoo wa baba. Sikudhani alipanda hadi ghorofa ya tisa kumwona binti yake, Tausi, akakuta mapazia yote yamefuliwa na kuta zimesuguliwa mpaka rangi inabanduka.

"Dawa amekunywa?" alimuuliza Bi Nasra, mama mkwe wa Tausi.

"Nimpe mjukuu wangu sumu? Mimi nimezaa saba kwa chai ya tangawizi."

"Daktari alimbadilishia mapema, akampa inayomfaa mjamzito, anampima damu. Akasema kuacha ghafla ndiyo hatari! Kichwa cha Tausi kikipanda hakishuki chenyewe. Mara ya mwisho alitembea peku katikati ya barabara kuu akiamuru magari yampishe."

"Mkwe, acha uchuro. Tangu aache amechangamka. Usiku halali, anafua, anaimba. Mkamwana gani mchapakazi hivi?"

Sikudhani alimkamata mkono akamvuta kwenye kisanduku. Bi Nasra akakunja ngumi, akacheka.

Tausi akatokea na ndoo, macho yanang'aa. "Mama! Mapazia siyarudishi dirishani. Mtoto ameniambia anataka kutoka aione mbingu."

"Umesikia?" alisema Bi Nasra kwa fahari. "Mwerevu tangu tumboni."

Sikudhani alifunga dirisha, akaburuta kiti, akakaa akiliziba dirisha kwa mgongo.