Mkono wa Klachi

Pikipiki ile kubwa Mzee Shekue aliinunua ikiwa imegongeka. Akaivua makava yote, injini ikabaki wazi kama mbavu za ng'ombe mwenye njaa. Miaka minne aliiunda: akainua usukani, akafupisha mkia, akaitia injini nguvu za kutisha. Ilipobaki kufungwa mnyororo tu, kiharusi kikampiga. Mkono wa kushoto ukawa kama wa kuazima; mnyororo akaufunga kwa mkono wa kulia peke yake.

Kesho mnunuzi angekuja kuichukua. Nao mafundi wana desturi yao: chombo ulichokiunda, wewe ndiye wa kwanza kukipanda. Lakini klachi, ule wenzo wa kuondokea na kusimamia, hubanwa kwa mkono wa kushoto.

"Panda nyuma, Bi Somoe," alimwambia mkewe. "Nikisema bana, bana. Nikisema achia, achia polepole."

"Miaka thelathini nimekuvumilia, klachi ndiyo itanishinda?"

Akapanda, akapitisha mkono chini ya kwapa la mumewe, akaishika klachi. Mara ya kwanza aliachia upesi, injini ikazima.

"Polepole, mama! Kwani unafungulia kuku?"

Mara ya pili ikanguruma hata mabati ya gereji yakatetemeka, ikaondoka nao. Walikuwa wamekubaliana wasimame langoni. Lango likafika, likapita. Bi Somoe akahisi mgongo wa mumewe unatikisika, asijue anacheka au analia. Vidole vyake vilikuwa juu ya klachi, vikingoja neno. Barabara mbele yao ilikuwa tupu, nyeupe kwa vumbi, na mzee hakusema bana.