Ndoo Chini ya Zulia

"Humu ndani kuna kitu hutaki nikione, baba," alisema Dorsey, dereva wa lori la taka, mguu mmoja tayari uko kwenye ngazi ya kontena.

Verlin Stucky alijilazimisha kucheka. "Kuna uchafu, binti. Ulitaka ukute keki?"

Kontena alilikodi mwenyewe, akalijaza mwenyewe: makochi, mazulia, viatu vya marehemu mkewe, Loretta. Na chini ya mazulia, ndoo za udongo aliouchimba bustanini. Udongo ule kiwanda kiliwagawia mtaa mzima bure, zamani. Loretta alipanda nyanya humo mpaka alipougua. Wakubwa wakasema hauna ubaya. Wakubwa kazi yao kusema. Wanaozikwa ni wengine.

Alichotaka Verlin ni kimoja tu: ndoo zile zitoke na lori leo. Zikionekana hapa, zitashushwa papo hapo mlangoni kwake.

"Rangi?" Dorsey aliuliza, akivitaja vilivyokatazwa dampo.

"Hakuna."

"Betri? Mtungi wa gesi? Friji?"

"Friji iko jikoni, ina bia. Nikuletee?"

"Niletee ukweli. Kwenye geti la dampo siku hizi kuna mashine ya kupima mionzi. Juzi ililia mzigo wa mtu ulipopita, nikashinda pale mpaka jioni. Mwenye taka, watu wa serikali wakamfuata hadi kwake."

"Wamjue vipi? Taka zina jina?"

"Kontena lina anwani, baba."

Verlin akaitupia jicho namba ya nyumba mlangoni kwake.

Dorsey alipanda, akachungulia. "Na hili tairi?"

"Si langu! La Hobart, huyo jirani. Mtaa huu ukikodi kontena, kukicha unakuta magodoro ya watu."

"Tairi haliendi dampo." Akalishika, akavuta. Ncha ya zulia ikainuka nalo.

"Acha! Utachafuka!" Verlin alikuwa keshapanda, magoti yakimlia. Akaling'oa tairi mwenyewe, akalitupa nje, kisha akalikanyaga zulia likalala.

Dorsey akajipangusa mikono. "Kwa umri huo unaruka kama mbuzi. Una nini wewe?"

"Nina haraka. Twende kazi."

Dorsey akatikisa kichwa, akafunika turubai, akaingiza ndoano ya lori. Lori likavuta kontena mgongoni, likanguruma mpaka kona, likapotea.

Verlin aliingia ndani akanawa, akavaa shati la kanisani, akaketi kibarazani. Kila gari lililopita lilimwinua kitini.

"Mbona kama unangoja hukumu?" Hobart alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya ua.

"Kachukue tairi lako, mwizi wewe."

Alasiri yakaja magari ya serikali, yamefuatana. Wakashuka watu waliovaa mavazi meupe mpaka usoni, mmoja ameshika kifaa kinacholia tik-tik-tik, kikizidi kulia kila alipoikaribia nyumba.

"Umekwisha, Verlin!" Hobart alinong'ona kwa nguvu. "Pitia nyuma, kimbia!"

Verlin alisimama, akateremka ngazi taratibu, akawafungulia lango la bustani mpaka mwisho.

"Karibuni," alisema. "Tangu Loretta yu hai nawaandikia mje mpime hapa. Kumbe nyie hamsomi barua, mnasoma taka."