Kipimo cha Ukoo

Mkufunzi alikaa pembeni kumsikiliza Daktari Nyamizi akizungumza na mgonjwa wa saratani. Somo alilompa lilikuwa fupi: uliza kwanza, usibishane.

"Mama yako alifariki kwa ugonjwa gani, dada Kalunde?"

"Titi, kama mimi. Bibi pia. Walirogwa na yule mke mdogo wa babu. Tukamchomea nyumba, lakini kizee hafi!"

"Kuna kipimo cha damu. Huonyesha kama ugonjwa unarithiwa, mama kwa mtoto. Kinaweza kumwokoa binti yako."

"Kikionyesha hivyo, yule kizee hakuroga?"

Daktari alimtazama mkufunzi. Mkufunzi alitazama sakafu. Hilo hakulifundisha.

"Hakuroga, dada. Hata kisipoonyesha."

"Jana binti yangu alimrushia yule kizee jiwe," Kalunde alisema. "Nikacheka." Akapandisha mkono wa gauni. "Toa damu. Mtoto nitamleta mwenyewe."

Daktari alimfunga mpira mkononi, akamwambia akunje ngumi. Damu ilipoanza kutoka, akamwambia afungue ngumi.

Kalunde hakuifungua. "Na ile nyumba tuliyoichoma?" aliuliza.